WIMBO WA STAA ULIVUJIA MAKORORA, NA HAKUNA MTU ALIYEUIBA. FLASHI TU ILICHOMEKWA

Wimbo wa staa ukivuja kabla ya siku yake, huko mitandaoni orodha ya watuhumiwa inajulikana. Wa kwanza prodyuza. Wa pili meneja, hasa kama wameshaanza kununiana. Wa tatu ni mpenzi wa zamani, huyo hata kama yuko Mtwara anavua samaki zake kwa amani atatajwa tu. Sijawahi kuona mtu kaandika kwenye komenti, "Jamani, hivi flashi ya huyu dada ilienda kuprintiwa nini, na wapi?"

Leo naandika mimi. Naujua wimbo mmoja uliovujia hapa hapa Tanga, Makorora, bila mtu yeyote kunyoosha mkono kuuiba. Kompyuta iliuchukua yenyewe wakati mtu anasubiri kuprintiwa ratiba ya harusi. Majina sitaji, kwa hiyo msinisumbue inboksi. Staa ni wa kike, mtoto wa hapa, nyimbo zake mmeshazikatikia kwenye harusi zenu. Na aliyeumia zaidi kwenye hii stori siyo yeye.

Wadogo zangu mliozaliwa na bando mkononi, niwape picha kwanza. Muziki wa mtaani kwa miaka mingi umetembea kwa flashi na memori kadi. Unaenda kibandani, unamwambia jamaa "niwekee singeli za nguvu, na taarabu kidogo za mama," unampa kadi, unakaa kwenye benchi unapiga stori, ikijaa unaondoka. Dereva wa bajaji, saluni, mama ntilie, muuza maji, wote walikuwa wateja. Tanga tuna na cha kwetu zaidi, baikoko, ambazo ukizitafuta Dar mtu anakuangalia kama umeomba bangi. Na hii biashara haijafa, msidanganywe. Bando ni hela, flashi kwenye redio ya bajaji haiombi bando.

Sasa mwenye maktaba (ndivyo tunavyoviita vile vibanda, maktaba, na wala hakuna kitabu hata kimoja) anaishi kwa jambo moja tu, kuwa na kitu kabla ya mwenzake wa mtaa wa pili. Nyimbo mpya anashusha mtandaoni, anapewa na madijei, na za tatu zinamjia zenyewe kwenye flashi za wateja. Mtu kashuka Kange jana usiku kutoka Dar, asubuhi anakuja kuongezewa nyimbo, kumbe flashi yake imebeba mzigo ambao Makorora haujafika. Mjanja anakopi upande wa pili. Anakuwekea zako, anachukua na zako.

Ni halali? Hapana, na sote tunajua. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA wapo, na 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Kibandani stempu inabandikwa wapi kwenye mp3? Tuendelee.

Mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri, nikapata kazi kwenye steshenari moja siyo mbali na soko la Makorora. Mbele tunatoa kopi, tunaprinti, tunapiga lamineti, tunaandika barua za kuomba kazi. Nyuma ya pazia kuna maktaba ya bosi. Bosi mwenyewe muungwana, analipa kwa wakati, Ijumaa anatununulia kachori. Nasema haya ili msije mkamchora kichwani na mapembe. Hakuwa hivyo, na ndiyo maana hii stori inanikera mpaka leo.

Kompyuta ya mbele ilikuwa na katabia. Kila ukichomeka flashi ya mteja kinatokea kidirisha cheusi, kinapepesa kama sekunde moja, kinapotea. Wiki ya kwanza tu nikauliza. Bosi akasema, "Hiyo inaangalia virusi, mdogo wangu."

Na ilikuwa na mantiki kabisa! Aliyewahi kushika kompyuta ya steshenari miaka ile ya 2008 mpaka 2012 anajua flashi zilikuwa na maradhi kuliko mbu. Tabia yenyewe kompyuta zilifundishwa. Mwaka 1995 Microsoft walipotoa Windows 95 waliweka kitu kinaitwa AutoRun. Nia njema tu: mtu asiyejua kompyuta anaingiza CD, programu inajiwasha, hana haja ya kuhangaika pa kubofya. Ndani ya CD kuna kafaili ka maandishi, autorun.inf, mistari miwili mitatu, kanaiambia kompyuta "nikiingia, washa hiki." CD zilikuwa zinatoka kiwandani, nani angekuwa na wasiwasi. Halafu mwaka 2000 zikaingia sokoni flashi za kwanza, za MB 8, mnacheka lakini ilikuwa maajabu. Na flashi siyo kama CD ya kiwandani, kila anayeishika anaweza kuiandikia kitu. Na kirusi nacho kinaweza.

Novemba 2008 kirusi cha Conficker kikaanza kusambaa duniani, na toleo lililofuata likawa linajiandika kwenye flashi. Ukichomeka, Windows inaleta kile kidirisha cha kukuuliza unataka kufanya nini, kumbe chenyewe kimeshajipachika mle, kimevaa picha ya folda, kimeandika maneno ya kufungua folda uone mafaili yako. Unabofya. Kwisha habari. Mwezi huo huo jeshi la Marekani, na ubabe wao wote, walipiga marufuku flashi kwenye kompyuta zao baada ya kuingiliwa na kirusi kingine cha namna hiyo. 2010 ikagundulika Stuxnet, iliyotengenezwa kusambaa kwa flashi, ikaenda kuvuruga mashine za kurutubisha urani Iran, sehemu ambayo kompyuta zake hazikuunganishwa na intaneti. Kama intaneti haifiki mahali, flashi inafika mfukoni mwa mtu.

Sisi hatukuwa na urani, tulikuwa na ripoti za fildi. Siku ya mwisho ya kukabidhi unafika steshenari, unafungua flashi, folda zako zote zimegeuka shotikati za KB 1. Unaishiwa nguvu za miguu. Fundi anakuangalia kwa huruma, anafungua kidirisha cheusi, anaandika attrib na vialama vyake, folda zinarudi moja moja. Unampa buku unamwona malaika. Microsoft wenyewe walikuja kuufunga ule mlango: Windows 7 ya 2009 ikakataa kuwasha kitu chenyewe kutoka kwenye flashi, na Februari 2011 wakasambaza marekebisho kwa wenye XP na Vista. Kwa wale wenye Windows za kuchakachua, zile zisizosasishwa tangu ziwekwe, marekebisho yaliwapita kama basi la usiku.

Kwa hiyo nikaambiwa inaangalia virusi, nikasema sawa, bosi yuko makini.

Ila mlango uliofungwa 2009 na 2011 ulikuwa ule wa flashi kuiamrisha kompyuta. Kompyuta kuifanyia flashi inachotaka, huo haujawahi kufungwa na hauwezi kufungwa, maana kompyuta ni ya mwenyewe na mwenyewe ndiye anayepanga. Anaweka kaprogramu kanakolala macho wazi. Flashi ikiingia kompyuta inapata taarifa kwamba kuna mgeni, kaprogramu kanaamka, kanatengeneza folda, kanakopi kila kitu, kanarudi kulala. Mteja haoni kitu. Flashi yake inarudi kama ilivyokuja, haijapungua hata KB. Ndiyo shida ya wizi wa aina hii, unaibiwa na kitu chako bado unacho.

Na siyo lazima iwe ushetani. Mtaa ule ule kulikuwa na kaka mpiga picha wa harusi aliyeweka mpango wa namna hiyo hiyo kwenye laptopu yake, na alinionyesha kwa maringo kabisa. Anarudi saa saba usiku kutoka harusi ya tatu, macho mekundu, anachomeka kadi ya kamera. Kompyuta inakopi picha zote kwenye folda yenye tarehe ya siku hiyo, inatoa nakala ya pili kwenye diski ya nje, ikimaliza inapiga kengele ndogo, yeye keshaanza kukoroma. Anasema kabla ya hapo aliwahi kufuta kadi akidhani ameshakopi, harusi ya watu ikapotea, alihama njia miezi miwili. Kadi ni yake, laptopu yake, na wateja wanajua picha zao ziko kwake.

Turudi kwenye harusi yetu.

Staa alikuja nyumbani kuozesha binamu yake. Jumatano usiku ikawa singo ya bibi harusi. Ambao siyo wa pwani mnielewe: singo ni ya wanawake. Bibi harusi anasuguliwa kwa liwa, kina mama wanaimba, wanacheza, wamevaa wanavyotaka, na yanayosemwa mle hayatoki. Mwanamume hata wa miaka kumi haruhusiwi. Simu ziliachwa mlangoni kwenye beseni, shangazi wa bibi harusi kalikalia mwenyewe. Aliyerekodi ni dada mmoja tu mwenye kamera, kwa makubaliano kwamba nakala ni moja, iende kwa mama mzazi wa bibi harusi, basi.

Nakala ikawekwa kwenye flashi ya staa. Ndiyo iliyokuwepo usiku ule, alikuja nayo ikiwa na biti zake za kuimbia. Na mle mle kulikuwa na wimbo mpya ambao ulikuwa bado kutoka, alitaka kina mama wa kwao wausikie kabla ya mtu mwingine. Wazo zuri, mimi nalipenda. Waliusikia, wakapiga vigelegele, mmoja akamtunza elfu kumi akisema huu ndiyo wimbo, ule mwingine ulikuwa kelele.

Alhamisi asubuhi ratiba ya harusi ikahitaji kuprintiwa. Faili liko kwenye laptopu ya staa, flashi iko mezani, kijana wa nyumbani yupo na baiskeli. Mnaona ilivyokuwa rahisi? Hakuna mtu aliyefanya kitu cha ajabu. Kijana akaja kwetu, mwenzangu akamhudumia, kopi 200, mbele na nyuma. Video ya GB 5 kwenye mashine ya kawaida ya pale inakopiwa kwa dakika nne au tano. Wimbo haufiki hata sekunde mbili. Printa yetu ilikuwa mbovu kidogo, kopi 200 zilichukua karibu nusu saa.

Tanga tuna ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Flashi ilikuja leo ikaondoka leo.

Wiki mbili baadaye niko kwenye bajaji natoka Mabawa, dereva kaweka sauti juu, wimbo siujui, sauti naijua. Nikajua dada katoa kitu kipya. Jioni naingia Instagram, vita. Staa kaandika kwamba kavujishiwa kazi na mtu aliyekuwa anakula naye sahani moja, na kila mtu akajua anamsema prodyuza wake, maana ndiye pekee aliyekuwa na faili. Mashabiki wakavamia ukurasa wa yule kaka. Matusi ya mama yake, matusi ya kabila lake, mtu akaweka mpaka picha ya geti la studio. Kaka wa watu akajibu mara moja tu kwamba hakufanya hivyo, halafu akanyamaza. Kunyamaza nako wakasema ndiyo ushahidi wenyewe. Wasanii wawili waliokuwa wanafanya naye kazi wakahamisha kazi zao. Hiyo nilikuja kuijua baadaye.

Kilichonifungua macho ni msiba. Bosi alienda Muheza kuzika, akaniachia kompyuta ya nyuma nimtolee mteja kalenda. Natafuta mfano wa kalenda kwenye diski, naingia folda inaitwa MPYA. Ndani folda, folda, folda, kila moja jina lake ni tarehe na saa. Mamia. Nikafungua moja nikakuta vyeti vya mtu vya shule na barua ya kuomba kazi. Nyingine, picha za mtoto mchanga na majibu ya hospitali. Nyingine, kitambulisho cha taifa cha mzee ninayemjua, huwa nampa shikamoo kila asubuhi akipita kwenda msikitini. Mikono ikaanza kuwa ya baridi. Kidirisha cheusi hakikuwa kinaangalia virusi.

Nikaitafuta ile Alhamisi. Ipo. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Ndani: ratiba ya harusi, biti saba, wimbo, na faili moja kubwa la video ambalo sikulifungua. Jina lake lilinitosha, lilikuwa jina la bibi harusi na neno singo.

Hapo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Moja, kuna mtu Dar anatukanwa kwa kosa ambalo si lake na mimi nina tarehe na saa ya kumsafisha. La pili, kuna wanawake kama arobaini wa mtaani kwangu, wake za watu, walimu, na mama mmoja wa maulidi, wako kwenye diski nyuma ya pazia, na hakuna hata mmoja anayejua. Ukiniuliza lipi lilinikosesha usingizi, ni hilo la pili. Wimbo ukivuja staa anaposti kilio, watu wanamwonea huruma, namba zinapanda. Hiyo video ikivuja Makorora kuna ndoa zinavunjika kabla ya swala ya adhuhuri.

Nilienda kwa shangazi, yule aliyekalia beseni la simu. Nikambusu mkono, shikamoo, marahaba, nikakaa chini kwenye mkeka nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, "Mwanangu, umeiangalia?" Nikamwambia sijaiangalia, shangazi. Akasema vizuri, ngoja nivae baibui.

Kabla hatujatoka akampigia staa, akaniwekea simu sikioni. Nilitegemea ataulizia wimbo. Akasema, "Kwa hiyo na sisi tupo humo?" Basi. Kama dakika nzima hakuna aliyeongea, nasikia feni ya chumbani kwake tu.

Mtasema mngeenda polisi. Staa naye alisema hivyo hivyo, na kisheria alikuwa na hoja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na kuchukua data za mtu bila ruhusa siyo mzaha. Shangazi akamuuliza, "Ukishafika pale, hiyo video inakuwa kielelezo. Kielelezo kinaangaliwa na nani? Na wangapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi mpaka leo sina. Sheria inakulinda, lakini kwanza inataka ione ulichofichiwa.

Tukamsubiri bosi arudi kutoka msibani, tukampa pole kwanza, maana msiba ni msiba. Halafu shangazi akamweleza anachokijua. Bosi hakukataa. Kijana wa dada yake anayesoma kompyuta chuo ndiye aliyemtengenezea, ili anase nyimbo mpya bila kuhangaika. Kitu kilichagua mp3 kikazipeleka kwenye folda ya maktaba, na vilivyobaki vikakaa tu kwa sababu hakuna aliyekiambia kivitupe. Ule wimbo aliwapa wenzake wawili wenye maktaba, kama wanavyopeana siku zote. Akawa anarudia, "Lakini shangazi, mimi sijauza picha ya mtu. Sijawahi hata kuzifungua."

Namuamini. Tatizo langu ni kwamba alijua zipo. Yule kijana wa chuo angemaliza kila kitu kwa mstari mmoja, chukua mp3, mengine acha. Dakika mbili za kazi. Hakuna aliyeona haja, kwa sababu vitu vya watu havikuwa vinasumbua nafasi kwenye diski.

Bosi akasema anafuta sasa hivi mbele yetu. Hapo ndipo niliposema mimi, na ndipo kazi yangu ilipoishia nadhani. Nikamwambia shangazi, kufuta siyo kufuta. Faili ukilifuta kompyuta inaondoa jina tu kwenye orodha, chenyewe kinabaki mpaka kiandikiwe juu yake, na programu za kurudishia ziko za bure, sisi wenyewe tulikuwa tunazitumia kuwarudishia wateja picha kwa elfu tano. Bosi akaniangalia. Shangazi akasema, "Basi nataka hilo lenyewe." Diski yenyewe. Terabaiti moja, maktaba ya miaka sita, baikoko zote zile. Bosi alikaa kimya, akaapa kwamba hakuna nakala nyingine, akaenda kuchukua bisibisi.

Mwezi ule nilikuwa nimeshaacha. Hakunifukuza, na mimi sikuaga vibaya.

Hili la Makorora siyo la Makorora peke yake. Mwigizaji mmoja maarufu wa Hong Kong alipeleka laptopu yake kwa fundi, fundi akakopi picha za faragha, na mwaka 2008 picha zikasambaa dunia nzima na wanawake waliomo, mastaa wakubwa. Mwigizaji akaomba radhi hadharani akajiweka kando. Fundi alifungwa miezi nane na nusu, mwaka uliofuata. Wale wanawake hawakuwa wamepeleka laptopu popote. Na Marekani watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliangusha flashi 297 makusudi kwenye maeneo ya chuo, na karibu nusu ya hizo flashi mtu aliziokota akafungua mafaili. Wasomi hao.

Sasa nikienda kuprinti nina kaflashi kangu ka GB 4, kazee, hakana kitu isipokuwa PDF ninayoprinti siku hiyo. Watu wananiambia kadi ya kamera ina kile kiswichi cha pembeni cha kufunga. Kile kinazuia kuandikiwa na kufutwa, hakizuii kusomwa, na kukopi ni kusoma tu. Vya siri naviweka kwenye faili moja lenye nenosiri kwa 7-Zip, ni bure, akikopi atakopi furushi asilolifungua. Simu sichomeki kwenye kompyuta ya mtu hata ya kuchaji. Na nikiona kidirisha cheusi kinapepesa nauliza, na nikijibiwa "inaangalia virusi" naomba nionyeshwe. Wananiona mshamba. Sawa tu.

Flashi yenye singo iko kwa mama wa bibi harusi, kabatini, imeviringishwa kwenye leso. Hajawahi kuiangalia, kwao hakuna kompyuta na steshenari hataki kuisikia. Mama wa maulidi hakuambiwa, shangazi alisema hiyo ni kazi yake na tumwachie.

Staa aliifuta ile posti. Skrinishoti zipo, mnazo nyie. Alimpigia prodyuza akamweleza na akamwomba radhi, kaka akasema ahsante kwa kunipigia, akakata. Nilimwambia aandike hadharani kama alivyomtukana hadharani, akasema akieleza ulivyovuja watu watauliza flashi ilikuwa na nini kingine. Na hapo ana haki, ndiyo maana hata mimi nimekaa miaka yote hii kabla ya kuandika, na nimebadilisha vitu vya kutosha ili msimpate. Wimbo ulikuja kutoka rasmi kwa prodyuza mwingine, wameuongezea gita na wameupunguzia ngoma. Ile miksi ya kwanza bado iko kwenye bajaji za Mabawa, na kwa kweli ndiyo kali.